Mgao wa Uchovu

"Shika mpini, dada. Upande wa chuma una tabia mbaya."

Aliyesema hivyo alikuwa Gindu, kijana mnene kuliko wote mstarini, na wenzake wakaangua kicheko. Sikukasirika. Kweli nilikuwa nimelishika lile jembe kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Jembe la mkono nilikuwa nimeliona mara moja tu maishani, makumbushoni, nyuma ya kioo, limelazwa kando ya simu ya vitufe. Usukuma wa siku zetu mashamba yanajilima. Mashine zinatoka zenyewe alfajiri na kurudi zenyewe jioni, na sisi watoto tulibebwa na vigari kutoka kitandani mpaka mlango wa darasa, na kutoka darasani mpaka mezani. Miguu tulikuwa nayo, ila haikuwa na kazi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ngazi za maktaba ya shule sikuweza kuzimaliza bila kusimama katikati na kujifanya natafuta kitu mfukoni. Nilishapewa dawa, zikanipunguza. Nilipoziacha nikanenepa tena. Magoti yalikuwa yameanza kuniuma kila nikiinuka, na usingizini nilikuwa nakabwa na pumzi yangu mwenyewe. Ndiyo maana mama alinileta Isesa, kwenye kambi ya vijana wazito, chini ya kilima chenye mawe makubwa, ambako kulikuwa na shamba lililokatazwa mashine.

Dk. Nyanzobe, mwenye kambi, alinivika kidani. Kilikuwa chepesi, cha rangi ya shaba, kikanikaa shingoni sawasawa.

"Kikikuwasha, niambie," alisema. "Kikikushangaza, usiogope. Kinashangaza kila mtu."

Mwishoni mwa mstari alisimama mwanamke kijana mwenye ngoma kifuani, na nilipomwona nilisahau hata jembe. Aliitwa Holo. Zamani alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na mwili wake ulikuwa ule ambao mimi niliwahi kuuomba kwa Mungu kwa machozi, mwembamba, mrefu, usio na kitu cha ziada. Alinisalimu, "Mwangaluka," nikaitikia nikitazama chini.

"Minza, hapa tunalima kwa bugobogobo, ngoma ya jembe, kama walivyolima wazee," alisema. "Sheria ni moja tu. Ukiwa kwenye tuta husemi umechoka. Anayesema amechoka anawavunja wenzake mgongo. Ukichoka, imba."

Nikajisemea moyoni, basi leo nitaimba mpaka nizimie.

Ngoma ikalia. Nikainua jembe, nikalishusha. Nikainua tena. Nilikuwa nasubiri ule moto wa magoti ninaoujua, na kifua kusinyaa, na kizunguzungu. Niliusubiri kama mtu anavyosubiri kuchapwa. Haukuja. Badala yake kilikuja kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia mikono inanisisimka. Ulikuja uchovu mdogo mdogo kutoka kila upande, bega lisilo langu, kisigino kisicho changu, kiuno cha mtu aliyekuwa tuta la tatu, kila mmoja kiasi cha chumvi ya kuonja. Na uchovu wangu mkubwa, ule ulionizuia tangu darasa la pili, nilikuwa nimebaki na kijipande chake tu. Mwingine wote ulikuwa umekwenda kwa wenzangu. Nikainua uso nikawatazama. Walikuwa wanalima, wanaimba, na walikuwa wamenibeba.

Nilimaliza tuta zima. Mimi. Nikakaa chini kwenye udongo niliougeuza kwa mikono yangu, nikalia kwa sauti bila aibu yoyote.

"Kila mgeni hulia," Gindu alisema, akinipa maji. "Mimi nililia mpaka nikatapika."

*

Jinsi Mgao, yaani mpango ule wa vidani, ulivyofanya kazi, Dk. Nyanzobe alitueleza kwa kuchora ardhini kwa kijiti. Mwili ukifanya kazi, misuli na mapafu hutuma habari kwenye ubongo kwamba hapa panauma, hapa pumzi haitoshi. Habari hiyo ndiyo uchovu. Kidani kiliisikia ikipita shingoni, kikaikata vipande kumi na viwili, kikamwachia mwenyewe kipande kimoja na kuwapelekea wengine kumi na mmoja vilivyobaki. Kazi yenyewe haikuhama. Misuli yangu ililima tuta langu, na mafuta yaliyoungua yalikuwa yangu. Kilichohama kilikuwa uchungu tu.

"Watu walisema watoto wazito ni wavivu," alituambia, na sauti yake ilikuwa na hasira ya zamani. "Uongo! Hatua moja ya mtoto mzito inamgharimu hatua tatu za mwembamba. Mpe mwembamba bei hiyo uone kama hatakaa chini."

Tulikuwa walimaji kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa Dada Holo, na yeye aliitwa nguzo. Mduara wa watu wazito watupu, daktari alisema, ungelemewa. Kwa hiyo alitiwa mtu mmoja mwenye afya kamili, mwili uliozoea kuteseka, ili asawazishe. Vidani vyetu vyote vilipimwa kwa kulinganishwa na yeye. Mapigo yake ya moyo ndiyo yaliyoitwa mazuri.

Na kulikuwa na mlango wa kutokea. Yeyote kati yetu akitamka "nimechoka" kwa sauti, vidani vyote vingezima papo hapo, kila mtu arudishiwe chake. Daktari alichagua neno hilo kwa sababu, alisema, mtoto aliyezidiwa hahitaji kufundishwa, litamtoka lenyewe. Alikuwa amesomea mbali kwa miaka mingi. Alisahau namna kwao kunavyolimwa. Neno aliloliweka liwe mlango ndilo lile lile ambalo mwenye ngoma alikuwa amelipiga marufuku, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba tumefungiwa ndani kwa adabu.

Sisi wenyewe tukaongeza kufuli la pili. Sote tulikuwa tumeitwa mzigo. Kwenye vigari, kwenye picha za familia, kwenye bembea. Kwa hiyo tulikubaliana bila hata kukaa kikao: uchovu ukikufikia, huulizi ni wa nani. Kumwambia mwenzio "leo uko mzito" kungekuwa kumrudisha alikotoka.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Gindu alipenda kusema, akijipiga tumboni. "Basi mimi ni godoro zima. Lalieni."

Mwili wangu ukaanza kubadilika, na sisemi kilo, maana kilo zilienda polepole na nyingine zilirudi. Nasema pumzi. Nilianza kulala usiku kucha. Nilianza kusikia njaa ya kweli, na ikishibishwa inanyamaza. Siku moja niliokota kijiko kilichoanguka kabla sijafikiria nitainamaje.

La ajabu zaidi lilikuwa hili: nilianza kuwatambua. Kidani kiliuchanganya uchovu wote, lakini ukilima na watu kila siku unawajua hata gizani. Uchovu wa Gindu uliingia kiunoni, mzito, wenye subira. Wa pacha wawili waliotoka Magu ulikuja kwa viganja, mmoja baada ya mwingine. Wa Dada Holo ulikuwa mwembamba kama yeye, mikononi tu, unaruka na mdundo. Nilikuwa nafumba macho katikati ya tuta na kuwahesabu wote ndani yangu, wazima, na nilikuwa nafikiri hata mbinguni hawajui kitu kama hiki.

Kisha ukaja mwiba.

*

Ulianzia chini ya taya la kushoto, ukashuka kifuani, ukaishia kwapani. Ulikuwa mdogo. Haukuwa na bega wala goti. Haukufanana na mtu yeyote ninayemjua. Siku ya kwanza nilidhani nimelala vibaya. Siku zilizofuata ulirudi kila ngoma ilipokolea, na sikumwambia mtu. Unasemaje? Unaanzia wapi kuuliza, nani kati yenu moyo wake unauma?

Nilikuwa na jibu langu, na nilikuwa nalionea haya. Nilianza kulima haraka zaidi ili Gindu, aliyekuwa tuta la pili, apate nafasi ya kwenda taratibu. Nikamwona naye anaharakisha.

"Punguza, bwana," nilimwambia jioni tukisafisha majembe bombani. "Nani anakukimbiza?"

"Wewe punguza." Aliangalia pembeni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Minza, unajisikiaje? Hapa." Akagusa taya la kushoto.

Maji yaliendelea kumwagika. Nilisahau kufunga bomba.

"Nilidhani ni wewe," nilisema.

"Mimi nilidhani ni wewe! Wiki yote naharakisha ili upumue."

"Na wengine?"

"Wengine wote wanaharakisha, hujaona? Kila mtu anamkimbilia mtu." Hakuwa anatania, na Gindu asipotania ujue kuna jambo. "Minza, kama mimi napata kipande kimoja na kinauma hivi, mwenye nacho ana vipande kumi na viwili."

Nilikwenda kwa Dk. Nyanzobe. Nilimkuta akiandaa viti vya wageni, maana Jumamosi ilikuwa siku ya ngoma. Kambi ya ng'ambo ya bonde, inayofanya mazoezi kwa dawa na mashine za kukimbilia, ingekuja kushindana nasi, na watu wa Baraza la Shule wangekuja kutazama. Wakipendezwa, Mgao ungeingia kila shule. Wasipopendezwa, kambi ingefungwa kabla ya mavuno. Hilo tulilijua sote.

"Kuna mwiba," nilimwambia. "Kwenye mduara."

Hakunipuuza. Alifungua vipimo vyetu vyote hewani mbele yangu, mistari kumi na mmoja ya kijani. "Mioyo yenu ni mizuri, mwanangu. Inazidi kusogea kwenye mstari wa Holo. Tazama mwenyewe." Akanitazama. "Niambie ni nani, nimtoe sasa hivi nimpime."

"Sijui ni nani."

"Basi itabidi niufungue mduara, nimpime kila mmoja peke yake, kwenye tuta, bila kidani. Hata leo nitafanya. Ukisema nifanye, nafanya."

Akilini nilimwona Gindu peke yake kwenye tuta, kila mtu amesimama anamtazama, akihema. Nilijiona mimi. Nilifikiria zile ngazi za maktaba na ule mkono mfukoni unaotafuta kitu ambacho hakipo.

"Labda nimelala vibaya," nilisema.

*

Kwetu ngoma haina majaji. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanahama. Wanaanza katikati, wanasikiliza huku, wanachungulia kule, halafu miguu yao inaamua. Mwenye watu wengi jioni ndiye mshindi.

Jumamosi ile watu walikuja kutoka Magu na Kisesa na vijiji vya kando ya ziwa. Kambi ya ng'ambo walikuja na taa za rangi na mashine zinazong'aa, na mwanzoni watu walimiminika kwao. Sisi tulikuwa na shamba lenye unyevu, majembe kumi na moja na ngoma.

Dada Holo alipiga. Tukashuka pamoja.

Sijui nieleze vipi. Majembe kumi na moja yalipanda angani yakageuka hewani, ule mchezo wa wazee wa kulirusha jembe na kulidaka, na watu walipiga kelele. Watoto wanene ambao mji mzima uliwajua kwa kukaa, walikuwa wanaruka. Udongo uliruka nao. Nilikuwa na uchovu wa watu kumi na wawili ndani yangu na ulikuwa mtamu, nao waliokuwa na wangu walikuwa wanaimba. Nilimwona bibi mmoja ameshika mdomo. Nilimwona mama yangu. Watu walianza kuja, wachache, kisha makundi, kisha upande wa taa ukabaki na wenye taa zao. Hata wa Baraza walisimama kwenye viti. Katika maisha yangu sijawahi kupendeza kama nilivyopendeza siku ile, na nilijua.

Na mwiba ulikuwepo, kila mdundo.

Tukafika mwisho wa matuta. Hapo walimaji hupumzika, huegemea mipini, na mwenye ngoma anabaki peke yake akiita watu. Tukaegemea. Uchovu wetu ukaanza kushuka kama kawaida, kiuno cha Gindu kikalegea, viganja vya pacha vikapoa. Mmoja mmoja niliwasikia wakipumzika ndani yangu.

Mwiba haukupumzika. Ulikua. Ulitoka kwenye taya ukaenea kifua chote.

Nikafungua macho. Kila mtu alikuwa amesimama tuli. Katika mduara wote kulikuwa na mwili mmoja tu uliokuwa unafanya kazi, nao ulikuwa mwembamba na mrefu, unaruka na ngoma, unacheka, unang'aa kwa jasho. Ule mwili nilioomba kwa Mungu.

Gindu alikuwa anamtazama pia. Midomo yake ilikuwa imeachana. Alitikisa kichwa taratibu, kama anayeniomba nisione alichokiona yeye.

Sikuhitaji kufikiri ili kujua la kufanya. Nilihitaji ujasiri, na sikuwa nao. Watu wote wale. Baraza. Vidani vikizima hapa, mbele yao, wataona watoto wazito wakianguka kwenye matope, na hakuna shule itakayoupokea Mgao. Nitarudi kwenye ngazi. Gindu atarudi kwenye kitanda chake. Na neno lenyewe! Lingekuwa jingine lolote! Msichana mnene asimame mbele ya nchi nzima aseme amechoka. Ndilo walilokuwa wakisubiri niseme tangu nizaliwe. Ngoma ilikuwa karibu kuisha, ingekuwa mizunguko michache tu. Angemaliza. Labda angemaliza.

Dada Holo aliinua mkono juu kwa ule mdundo mkubwa wa kuita, na mwiba ukanipiga mpaka nikaona giza. Kipande kimoja tu.

"Nimechoka!" nilipiga kelele.

*

Kwanza ulirudi mwili wangu.

Ulikuja wote kwa mara moja, magoti, nyonga, mgongo, mapafu yanayodai, kazi yote niliyoifanya siku ile ikinifuata kudai haki yake. Nilipiga magoti. Pembeni yangu walianguka wengine, na nikasikia watu wakicheka, kisha wakiguna. Baadhi walianza kugeuka kurudi upande wa taa.

Lakini nasema kweli tupu: hata pale, usoni kwenye matope, nilistaajabu. Kwa miezi nilikuwa nimeishi ndani ya watu kumi na wawili, na sasa nilikuwa mmoja, na nilikuwa mkubwa kiasi gani! Kila sehemu yangu ilikuwa inasema. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu humu.

Ngoma ilinyamaza katikati ya mdundo.

Dada Holo alisimama ameinua mkono. Uso wake haukuwa na maumivu kwanza. Ulikuwa na mshangao, wa mtu aliyebisha hodi kwake akakuta ndani kuna watu. Aligusa kifua. Alinitazama mimi. Kisha magoti yake yakakunjika, akaanguka juu ya ngoma yake.

Kigari cha wagonjwa kilishuka mbio kutoka zahanati iliyokuwa juu ya kilima. Kilifika ukingoni mwa shamba, kikaingia kwenye matuta yetu, magurudumu yakazama. Kikajaribu tena kikazama zaidi. Tulikuwa tumelima vizuri mno. Dk. Nyanzobe alikuwa anakuja akikimbia na viatu vyake vya sherehe, akipiga kelele, "Msimwache chini! Mleteni! Mleteni juu!"

"Minza," Gindu alisema. Alikuwa amekwishachomoa vyuma vya majembe mawili. "Vitenge."

Mama yangu alivua chake, bibi yule akavua chake, tukavifunga kwenye mipini ikawa machela. Tukamweka. Tukainua, sisi kumi na mmoja, tukipokezana pembe, na kuanza kupanda.

Hakuna aliyeimba. Hakukuwa na pumzi ya kuimba. Kila mtu alikuwa amebeba uchovu wake wote, na kilima kile kilikuwa kirefu kuliko ngazi zozote. Nilisikia mapaja yanawaka na nikasubiri yanikatae kama yalivyonikataa siku zote. Yakapanda. Nikasubiri tena. Yakapanda tena. Nilikuwa nimedhani nguvu zote zile zilikuwa za kidani, kwamba kikivuliwa zitabaki kwenye shaba. Kumbe zilikuwa zinawekwa humu, tuta kwa tuta, mimi nisijue kwa sababu sikuwa nazihisi. Miguu yangu ilikuwa imejifunza bila kuniambia. Nilikuwa nahema kama mashine mbovu na nilikuwa napanda kilima na mtu mikononi, na machozi yalikuwa yananitoka kwa namna nilivyoshangaa.

Mlangoni mwa zahanati nikageuka nyuma. Uwanja ulikuwa mtupu. Upande wetu mtupu, upande wa taa mtupu. Watu wote, wa Magu na wa Kisesa na wa ziwani, walikuwa wamehama. Walikuwa kilimani, nyuma yetu, wanapanda kimya.

*

Dk. Nyanzobe alitoka jua likiwa limeinama. Alikaa nasi kwenye ngazi za zahanati, matope mpaka magotini.

"Ataishi," alisema. Tukalia. Akatuacha tulie, kisha akaongea akitazama mikono yake. "Mishipa ya moyo wake. Ilianza zamani, hata kabla hajaja hapa pengine. Sikumpima tena baada ya siku ya kwanza. Ningempimaje? Yeye ndiye aliyekuwa kipimo. Moyo wake ulipoharibika, mashine ikaona mnazidi kufanana naye, ikawapa kijani."

"Yeye hakusikia?" Gindu aliuliza.

"Alisikia kipande kimoja, kama nyinyi. Ameniambia alidhani ni cha mmoja wenu. Alikuwa akipunguza mwendo wa ngoma ili mpumzike." Alifunika uso. "Moyo wake ulikuwa unaita tangu mvua za kwanza. Waliokuwa wanaitikia ni nyinyi."

Nikamuuliza kuhusu Mgao. Akasema umefungwa; Baraza wamevichukua vidani. Nilikuwa nimejua, hata hivyo iliniuma kama msiba.

"Ilikuwa vibaya, daktari? Kumpunguzia mtu maumivu?"

Alibandua tope lililoanza kukauka gotini.

"Haikuwa vibaya. Wewe umepanda kilima. Ila niliyagawa kabla sijauliza yamekuja kusema nini," alisema. "Na neno nililowapa, nyinyi hamkuwa na ruhusa ya kulisema. Nisamehe, Minza. Ulinijia, na nikakutwika uamuzi wangu."

*

Siku mvua ndogo ilipokatika tulirudi shambani, wote kumi na mmoja. Hakuna aliyetuita. Tulibeba majembe yetu na shingo tupu. Ngoma tulikubaliana kuishika kwa zamu; Gindu alianza, na alikuwa anaipiga vibaya kiasi kwamba kunguru waliondoka mtini.

Kitanda cha Dada Holo kilikuwa kimesogezwa kwenye kibaraza cha zahanati, juu pale, ili aone matuta. Alikuwa amekatazwa kuinua hata bilauri.

Nikaanza. Moto wa magoti ulikuja mapema, wangu mwenyewe, wote. Nilitafuta kwa mazoea kiuno cha Gindu na viganja vya pacha, sikuwapata, na upweke ule uliniuma kuliko magoti. Jembe likapanda. Likashuka. Kabla ya nusu ya tuta kifua kilikuwa kimekaza, na nilijua kwamba mara hii hakuna wa kunipunguzia.

Nikasimama wima, nikaegemea mpini, nikageukia kilimani.

"Dada Holo!" nilipaza sauti. "Nimechoka!"

Hakuna kilichozima. Ngoma ya Gindu ikasita. Kutoka tuta la tatu mtu akasema, "Na mimi." Pacha mmoja akasema nimechoka, na mwenzake akadakia. "Mimi nilichoka jana!" Gindu alisema, na vicheko vikaenda mstari mzima.

Kule juu mkono mwembamba uliinuka kidogo kutoka kwenye blanketi. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hewa ilikuwa tulivu na sote tuliisikia.

"Hata mimi, Minza. Pumzika."

Nikapumzika. Kisha nikamaliza tuta langu.